Kumtumaini Mungu Siku za Dhiki
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)

Nimeombwa niseme machache juu ya kumtumaini Mungu wakati wa shida, nami nitasema kwa ufupi.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 17, twasoma habari za mjane wa Sarepta, mji wa pwani katika nchi ya Sidoni, ambayo leo imo katika Lebanoni. Mvua ilikuwa imekatika. Mama huyu alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo. Alikuwa akiokota kuni apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe, kisha wangoje kufa. Hapo ndipo nabii Eliya, mgeni mwenye njaa, alipomwomba mkate. Mjane akampa, na unga wake haukwisha hata siku ya mvua.

Tuangalie vema mambo mawili. Kwanza, hatuambiwi kwamba pipa lake lilijaa. Twaambiwa halikupunguka tu. Kila asubuhi alikuta ya siku ile. Pili, Mungu alipotaka kumlisha mtumishi wake hakumpeleka kwa tajiri. Alimpeleka kwa mwanamke maskini wa taifa jingine.

Ndugu zangu, mwaka 2020 sisi wa Mombasa tuliyaona hayo kwa macho yetu. Tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa kwa ajili ya maradhi ya korona, na mwezi wa Aprili njia za kuingia na kutoka mjini zikafungwa. Mahoteli yalifunga milango. Mimi ni mpishi, nikakaa nyumbani bila mshahara, pamoja na wengi mlio hapa. Siku moja tulikuwa tumebakiwa na kibaba kimoja cha unga, akaja jirani yetu, mama mwenye watoto wanne, naye hana kitu. Mke wangu aligawa unga ule nusu kwa nusu wala hakuniuliza.

Sitawadanganya kwamba kesho yake gunia lilifika mlangoni. Tulikunywa uji siku tatu. Siku ya nne mvuvi mmoja, ambaye si wa dini yetu wala wa kabila letu, alituletea samaki kwa kuwa alisikia kazi imesimama. Ndivyo tulivyoendelea, leo huyu, kesho yule. Kodi ya nyumba niliyodaiwa niliimaliza mwaka 2022. Hatukushiba, lakini hatukuachwa.

Basi, kumtumaini Mungu si kukunja mikono. Mjane yule alikuwa akiokota kuni, na mvuvi alikwenda baharini. Wala si kumwambia mwenye njaa, “Mungu atakusaidia,” kisha tukampa kisogo. Huenda msaada anaoungojea umo mfukoni mwetu.

Wazee wangu, hapa ndipo penye neno langu. Chama chetu hakijamwacha mwanachama azikwe kwa aibu. Akifa mtu, twatoa sanda au jeneza, twatoa gari, twawalisha waliofika matangani. Jambo hili ni jema, tusiliache. Lakini je, mtu huyo huyo akiwa hai, amefukuzwa kazi au amelazwa hospitalini, na watoto wamelala na njaa, tungoje afe ndipo tumkumbuke?

Kamati imeleta shauri kwamba sehemu ndogo ya ada zetu iwekwe kando kwa wanachama walio katika dhiki, nao wairudishe polepole watakapojaliwa. Naomba mlikubali. Wahenga walisema Mungu hamtupi mja wake. Sisi nasi tusimtupe mwenzetu.

Mungu awabariki nyote, na akibariki chama chetu.