Kabla Wageni Hawajafika Nyasa

(Mazungumzo ya mwalimu mmoja mbele ya walimu na watumishi wa Serikali, mjini Songea)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya utalii na mapumziko. Nilipoambiwa hivyo nilisita, kwa kuwa mimi si mtu wa hoteli wala wa ndege. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na safari zangu nyingi nimezifanya kwa basi, nikiwa nimempakata mtoto wa abiria mwingine. Lakini nilikumbuka jambo moja lililotokea darasani kwangu, nikaona kwamba latosha kuanzia.

Niliwaambia wanafunzi wachore mahali ambapo wangependa kwenda kupumzika kama wangepewa nauli. Kijana mmoja akachora ufuko mzuri sana, minazi imeinama na nyuma yake mlima unaotoa moshi. Nikamwuliza, pale ni wapi? Akanijibu kuwa ni Bali, kisiwa cha Indonesia, ameiona picha yake katika simu ya kaka yake. Kijana huyo kwao ni Lituhi. Amezaliwa mahali ambapo mtu akifungua mlango asubuhi, Ziwa Nyasa liko mbele yake na milima iko nyuma yake. Simlaumu hata kidogo. Miaka yote aliyokaa shuleni hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia kwamba kwao ni mahali pa kutazamwa.

Wazee kati yetu watakumbuka kwamba mwaka 1970 Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha mjadala mkali katika gazeti la The Standard: je, nchi inayojenga ujamaa yafaa iwategemee watalii? Mjadala ule Issa Shivji aliukusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Wengine walitetea fedha za kigeni, wengine walihofia kwamba wananchi wangegeuzwa kuwa taifa la watumishi wa mezani. Hofu ile haikuwa ya kipuuzi, na hata leo sithubutu kuicheka. Lakini mtalii waliyekuwa wakimbishania alikuwa mgeni wa kutoka ng'ambo. Mwalimu wa Songea aliye likizoni hakuwamo katika hesabu, na nadhani mpaka leo hayumo.

Hebu tuichukue hiyo Bali yenyewe. Miongoni mwa vitu ambavyo watu husafiri nusu ya dunia kwenda kuvitazama kule ni mashamba ya mpunga yaliyojengwa kwa ngazi katika miteremko, pamoja na utaratibu wa zamani wa wakulima wa kugawana maji, uitwao subak. Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza utaratibu huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Basi, jambo ambalo mgeni hulilipia ni akili ya mkulima.

Sasa, ni wangapi kati yetu wamepita Mbinga wakaziona ngoro za Wamatengo? Na simaanishi kupita mtu amelala dirishani. Mmatengo huyafyeka majani katika mteremko mkali, akayalaza kwa mistari inayokatana kama miraba, kisha akachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika majani yale. Yanabaki mashimo, kila moja limezungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, maji hukamatwa shimoni badala ya kuukimbiza udongo bondeni, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Maharage na mahindi hupandwa juu ya matuta. Kilimo hicho kilikuwapo kabla ya bwana shamba wa kwanza wa kikoloni kuja kutufundisha kuzuia mmomonyoko. Ukisimama upande wa pili wa bonde, kilima kizima kinaonekana kama sega la asali. Hakuna tiketi wala kibao.

Turudi hapa mjini. Katika mtaa wa Mahenge iko Makumbusho ya Maji Maji, na hapo wamelala mashujaa walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906, akiwamo Nkosi Mputa bin Gwezerapasi Gama. Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye, na wazao wake wanaamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja mpaka hapo makumbusho, akakutana na wazao hao, akaomba msamaha kwa yale waliyoyatenda Wajerumani, na akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa hicho. Mkuu wa nchi ya Ulaya amesafiri maelfu ya kilomita kuja kusimama mahali ambapo baadhi ya watumishi wa ofisi zetu, walio umbali wa kutembea kwa miguu, hawajapata kufika.

Wapo wanaoyaita makaburi yale kivutio cha utalii. Neno hilo hunisumbua. Maporomoko ya maji ni kivutio, lakini kaburi la babu ya mtu lina adabu yake, na anayepaswa kuamua liingiweje na lisimuliweje ni mwenye babu. Nafurahi kwamba kila Februari wazee hukusanyika pale kwa kumbukizi. Nisingefurahi siku ambayo ngoma ya kumbukizi ingehamishwa tarehe ili iwahi ratiba ya kundi la wageni.

Nije sasa kwenye ziwa, maana hapo ndipo penye kazi kubwa. Lami kwa sasa inatoka hapa Songea na kupita Mbinga hadi Mbamba Bay, kadiri ya kilomita 170. Safari iliyokuwa ikimchosha mtu siku nzima wakati wa masika siku hizi inamruhusu akaoge ziwani mchana. Na ziwa lenyewe si dogo: lina kina cha karibu mita 700, na aina za samaki waliomo ni nyingi kuliko katika ziwa lolote jingine duniani. Wale wadogo wa rangi za buluu na njano wanaokaa miambani hufugwa katika matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani kama mapambo.

Liuli kuna jiwe la Pomonda, ambalo Wajerumani waliliona limefanana na sanamu ya Sphinx ya Misri, wakaiita bandari yao Sphinxhafen. Agosti 13, 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliikuta hapo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita imeanza, na nahodha aliyempiga alikuwa rafiki yake. Mwalimu wa historia anayeifundisha Vita Kuu ya Kwanza kwa kuanzia Sarajevo, naye yuko mkoa wa Ruvuma, anaacha mali nyumbani akaenda kuazima.

Ila lami haiwaleti wenye likizo peke yao. Nimekwisha kuwasikia watu wakiulizia bei ya viwanja vya ufukweni. Hapo naomba tukiangalie kisiwa kingine cha huko mashariki, Boracay cha Ufilipino, chenye mchanga mweupe uliosifiwa dunia nzima. Hoteli zilijengwa mpaka ukingoni, nyingine zikielekeza maji machafu baharini, hata Rais wa nchi hiyo akakifananisha kisiwa na shimo la maji machafu. Mwaka 2018 kilifungwa miezi sita, kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba, kikasafishwe. Na Boracay imezungukwa na bahari. Ziwa Nyasa lina mto mmoja tu wa kuyatoa maji yake, Shire, na sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kugeuka mvuke. Uchafu haugeuki mvuke. Utabaki humo pamoja na dagaa, na maji hayo ndiyo ambayo wengi wa ukingoni huyachota kwa ndoo kwenda kupikia.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Lakini, ndugu zangu, muhtasari wa mkutano huo huandikwa na nani? Mara nyingi huandikwa na ofisa mtendaji, au na mwalimu aliyeombwa kwa sababu mwandiko wake ni mzuri. Mkutano wa watu kumi na saba ukiandikwa kuwa wa watu mia mbili, ufuko umekwenda. Mama anayeanika dagaa pale mchangani hatajua mpaka aukute ukuta. Atakayemfungulia mlango ni mlinzi, naye huenda akawa mtoto wake mwenyewe.

Sisemi hoteli zisijengwe. Vijana wa Liuli na Mbamba Bay wanahitaji kazi, na mgeni anayelala siku mbili hununua samaki, hukodi mtumbwi na huacha fedha. Nasema zijengwe nyuma ya mita hizo 60, njia ya wavuvi ibaki wazi, na kijiji kipangishe ardhi yake kwa mkataba kilichousoma, kwa Kiswahili.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Shule zitakapofungwa mwezi wa Sita nakusudia kuwachukua wanafunzi arobaini. Tutaanzia Mahenge kwa miguu, kisha Mbinga tuzione ngoro, kisha Liuli, na tutalala Lituhi, ambako yule kijana ameahidi kwamba mama yake atatupikia dagaa. Nauli za wanafunzi ishirini na sita zimekwisha patikana. Gari bado sijapata, na ndugu yeyote mwenye njia ya kutusaidia anione hapa mlangoni.