Sadaka ya Macho Ianzie Mlangoni kwa Mgonjwa



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), napenda kuzungumza nanyi juu ya mchango wa kuwasaidia maskini wa mkoa wetu wa Dodoma wapate kupasuliwa macho.

Sahaba Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), ambaye kwa ajili yake iliteremshwa Sura Abasa, alikuwa kipofu. Imepokewa kwamba alimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa hana mtu wa kumwongoza kwenda msikitini. Hukumu ya Hadithi hiyo wanazuoni wameifafanua vya kutosha. Mimi leo nashika jambo moja tu ndani yake, nalo ni huyo mwongozaji. Huku kwetu mara nyingi huwa ni mjukuu. Bibi hushika ncha moja ya fimbo, mtoto hushika ncha ya pili, na darasani nafasi yake i wazi. Bibi huyo akiona, watu wawili wamefunguliwa.

Mtoto wa jicho hauponi kwa matone, wala kwa asali, wala kwa maji ya majani, ambayo huweza kuliharibu kabisa jicho. Dawa yake ni upasuaji. Daktari hutia ganzi, huondoa lenzi iliyopata ukungu, na huweka nyingine ndogo ya kutengenezwa. Kwa kawaida kazi hiyo haifiki saa moja.

Trakoma, ambayo wengi huiita vikope, ni habari nyingine. Wilaya ya Kongwa imeteswa nayo sana, na watafiti wameichunguza huko tangu miaka ya 1980. Penye uhaba wa maji na nzi wengi, watoto huambukizana. Anayeambukizwa mara kwa mara kwa miaka mingi hupata makovu ndani ya kope. Kope hujikunja, na nywele zake hulikwaruza jicho kila apepesapo. Wanawake huumia zaidi, kwa kuwa wao ndio walezi wa watoto. Kope hizo hunyooshwa kwa upasuaji mdogo, lakini kioo cha mbele cha jicho kikishaingia kovu, upasuaji huo haurudishi nuru iliyopotea. Kwa hiyo tunapochangisha tusimwahidi kila asiyeona kwamba ataona. Aahidiwe kupimwa.

Sasa fedha. Wanawake wa Kongwa waliokuwa na kope za namna hiyo walipofuatiliwa na watafiti, ilionekana kwamba wengi hawakwenda kupasuliwa ingawa walishauriwa. Miongoni mwa vizuizi vilikuwa gharama na kukosa mtu wa kuwasindikiza. Hapa ndipo michango mingi hukosea hesabu: hulipa ada ya hospitali, kisha hushangaa kitanda kikibaki kitupu. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, chakula chao, na mtu wa kuangalia watoto na mbuzi nyumbani, yote hayo ni sehemu ya upasuaji.

Wapo wanaosita kwa kuwa Hospitali ya Mvumi, iliyotibu macho ya watu wa mkoa huu kwa miaka mingi, ni ya Kanisa Anglikana. Sioni sababu ya kusita. Miaka elfu moja hivi iliyopita tabibu Ammar bin Ali wa Mosul aliandika, akiwa Misri, namna ya kuunyonya mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu, na elimu yake ikawafaa watu wa dini zote. Zaka ina wenyewe waliotajwa katika Sura Tawba, aya ya 60, na mafukara na maskini ndio wa mwanzo. Sadaka ni pana zaidi. Jirani asiye Mwislamu naye asaidiwe.

Mkulima wa uwele na karanga huahirisha matibabu hadi avune, na mvua zetu ni za msimu mmoja tu. Basi tukusanye sasa, ili barabara zikikauka wagonjwa wasafiri. Akina mama, ninyi ndio mnaoingia nyumba kwa nyumba: leteni kwa imamu, kabla ya Ijumaa ijayo, jina la kila asiyeona vizuri, kijiji chake, na jina la atakayemshika mkono. Asiye na wa kumshika aandikwe wa kwanza.