WAJIBU WA DEREVA KUWA TAYARI KWA WAKATI

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kufika.)



Tumeombwa tuseme machache juu ya mashindano ya motokaa, yaani yale ya watu wasiolipwa, ambao hushindana siku ya Jumapili kwa kupenda tu. Huenda wengine wenu wakauliza, "Sisi ni watu wa reli. Mashindano ya motokaa yatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu kwanza.

Yatuhusu kwa sababu wenzetu wengi wa karakana, baada ya kazi ya juma zima, huitwa kutengeneza motokaa hizo. Wengine husimama njiani na bendera kutwa nzima, na malipo yao ni chakula cha mchana tu. Wachache wamekwisha anza kuendesha wenyewe. Na jambo linalotuudhi ni hili: dereva akichelewa, lawama humwangukia fundi. Kwa hiyo shabaha ya maneno yetu leo ni moja. Kuwa tayari kwa wakati ni wajibu wa dereva mwenyewe, wala si mzigo wa kumtwika mtu mwingine.

Ndugu, sisi wa reli twaijua saa. Njia yetu ya zamani kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ikafika Nairobi mwaka 1899, ni njia moja. Magari mawili hayawezi kupishana ila stesheni. Gari moja likichelewa dakika ishirini, gari la pili lakaa stesheni likingoja, na abiria wake wangoja, na mama aliyekuja kumpokea mtoto wake angoja. Aliyechelewa ni mmoja, bali waliopoteza wakati ni mamia.

Kwa sababu hiyo dereva wa gari moshi hafiki kazini saa ile gari linapoondoka. Hufika mapema, akaandika jina lake kitabuni, akasoma matangazo ya njia ajue ni wapi pa kupunguza mwendo, akaikagua injini yake, na breki zikajaribiwa kabla gadi hajatoa ishara ya kuondoka. Zamani za injini za mvuke, moto uliwashwa saa nyingi kabla, maana maji ya boila hayachemki kwa kuyakemea. Aliyelala alikuta mvuke haujapanda, wala hapakuwa na mtu wa kumsingizia.

Sasa tutazame mashindano ya motokaa katika nchi yetu. Yale makubwa yanayojulikana kwa jina la Safari yalianza mwaka 1953, tarehe 27 Mei hata tarehe 1 Juni, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Walioendesha mwaka ule walikuwa wakazi wa nchi hizi, wenye kazi zao nyingine, na motokaa zao zilikuwa za namna ile ile iliyouzwa madukani. Basi chanzo cha jambo hili ni watu wasiolipwa, kama hawa wa Jumapili.

Na tangu mwanzo, aliyetawala katika Safari alikuwa saa. Motokaa ziliondoka moja moja, kila moja na dakika yake. Njiani kulikuwa na vituo, na kila kituo kilikuwa na mtu mwenye saa na karatasi. Dereva alipewa muda wa kufika, na kila dakika aliyochelewa aliandikiwa adhabu. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, na zilizofika mwisho ni 7 tu. Mwaka 1968 pia zilifika 7 tu. Na mwaka 1973 Shekhar Mehta wa Kenya na Harry Källström wa Uswidi walifika mwisho wakiwa sawa kabisa kwa adhabu. Baada ya maelfu ya maili za tope na vumbi, hapakuwa na dakika hata moja kati yao, na kanuni ya kuamua sare ndiyo iliyompa Mehta ushindi. Fikirini, ndugu zangu. Kama mmoja wao angalipoteza dakika moja mahali popote kwa kutafuta kofia yake, mambo yangalikuwaje?

Kuna kanuni moja ya mashindano ya dunia ya siku hizi ambayo twapenda muikumbuke. Dereva akichelewa kufika kituoni dakika moja, huongezewa sekunde 10. Lakini akifika dakika moja kabla ya wakati wake, huongezewa dakika nzima. Na akichelewa kupita dakika 15 mahali pa kuondokea, haruhusiwi kuondoka. Kanuni hii ina akili. Haimtaki mtu mvivu, wala haimtaki mtu mwenye pupa. Yamtaka mtu aliye tayari.

Twasema hivi kwa sababu wako madereva wanaojitetea kwa methali, "Haraka haraka haina baraka." Methali ni kweli, bali wao waishika kwa mkia. Mwenye haraka ni nani? Ni yule aliyeamka akiwa amechelewa. Aliyejitayarisha jana hana haraka leo. Aketi, anywa chai yake, angoja dakika yake. Kujitayarisha ndiko kunakoondoa haraka.

Basi kuwa tayari ni nini? Wengi hudhani ni motokaa kuwaka. Hapana. Tuseme dereva amepewa kuondoka saa tatu asubuhi. Ahesabu kurudi nyuma. Kabla ya kuondoka kuna mkutano wa madereva, ambapo huambiwa njia imebadilika wapi, bendera zina maana gani, na gari la wagonjwa limesimama wapi. Kabla ya mkutano kuna ukaguzi: breki, usukani, mikanda, kofia, chombo cha kuzima moto, na vitu vyote vilivyo ndani ya motokaa vifungwe visiruke. Kabla ya ukaguzi kuna petroli, na upepo wa magurudumu, na nati za magurudumu kukazwa. Kabla ya hayo kuna safari ya kutoka nyumbani, ambayo huenda ikakutana na mvua au pancha. Na kabla ya hayo yote kuna usiku wa kulala. Mwenye kuhesabu hivyo ataona kwamba saa tatu ya Jumapili huanza Ijumaa jioni.

Tena mashindano haya yana watu wengi wanaongoja, nao hawaonekani. Yuko mwenye bendera aliyefika kwenye kona yake kabla ya jua kuchomoza. Yuko daktari na dereva wa gari la wagonjwa, na bila hao motokaa haifai kuruhusiwa kuondoka. Yuko mwandika saa. Na pale njia inapofungwa, wako wenyeji: mama mwenye kikapu chake cha mboga aendaye sokoni, na mchungaji mwenye ng'ombe wake wanaotaka maji. Hao wameambiwa njia itafunguliwa saa sita. Dereva mmoja akisema, "Ningojeni nusu saa," haombi nusu saa moja. Aomba nusu saa ya kila mmoja wao. Na mchungaji akichoka kungoja akavusha ng'ombe, mwajua yatakayotokea.

Sasa twafika kwenye jambo la fundi. Mwenzetu mmoja wa karakana, ambaye hatutamtaja jina, aliletewa motokaa alfajiri ya siku yenyewe, ingawa dereva alikuwa ameahidi kuileta Ijumaa. Kulikuwa na kubadili breki na magurudumu mawili. Dereva alisimama juu yake akitazama saa na kupiga kelele. Mwenzetu alisema, "Bwana, haijawa tayari, ningali nakaza nati." Dereva akajibu, "Inatosha," akaingia akaondoka. Gurudumu lilianza kucheza kabla hajafika mbali, na kwa rehema ya Mungu alisimama kabla halijatoka. Hakuna aliyeumia. Lakini jioni ile hadithi ilikuwa nyingine: fundi hajui kazi. Hata malipo yake alinyimwa.

Ndugu, huo ni uonevu, na chama kipo kwa ajili ya mambo kama hayo. Fundi ana wajibu wake, nasi hatuuficha. Akipewa muda wa kutosha akafanya kazi mbovu, na alaumiwe. Lakini mtu hawezi kupewa kazi ya saa sita kwa saa moja, kisha akahukumiwa kama aliyepewa saa sita. Aliye na motokaa ni dereva. Aliyeandika jina lake katika mashindano ni dereva. Atakayepewa kikombe ni dereva. Basi na wajibu wa saa ni wake.

Msidhani twasema hivi kwa kuwachukia madereva. Tunao mfano mwema. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alikuwa fundi wa motokaa kabla ya kuwa dereva wa kusifiwa. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo ambayo si mpya, ilikuwa imekwisha tumika na watu wengine. Alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Mtu aliyejua kazi ya spana kwa mikono yake mwenyewe alijua kwamba nati haikazwi kwa kelele.

Kwa hiyo twaleta mapendekezo manne, ili wanachama wayafikirie.

Kwanza, mwanachama akubaliye kutengeneza motokaa ya mashindano apatane na dereva siku na saa ya kuletwa, na mapatano hayo yaandikwe. Neno la mdomo huchukuliwa na upepo.

Pili, dereva mwenyewe azunguke motokaa pamoja na fundi kabla ya kuondoka, waguse nati kwa mikono yao, na wote wawili watie sahihi.

Tatu, fundi akisema, "Haijawa tayari," neno hilo liheshimiwe. Dereva akiondoka bila kulijali, basi amejitwalia mzigo wote.

Nne, wanachama wetu wanaosaidia kusimamia mashindano wawaombe wakuu wa mashindano wasimngoje mtu. Dakika yake ikipita aandikiwe adhabu, na kikomo kikipita asiondoke. Hatusemi hivi kwa ukali. Kumngoja mmoja ni kuwaadhibu wale waliofika mapema, na hiyo si haki.

Na wale wenzetu ambao wameanza kuendesha wenyewe, twawapa neno la pekee. Ninyi ni watu wa reli. Watu watawatazama. Wakiona motokaa yenu imekwisha kaguliwa, ninyi mmeketi kivulini na kofia zenu magotini, mkingoja dakika yenu, watasema, "Hawa walifundishwa kazi." Hata mkiwa wa mwisho kwa mwendo, msiwe wa mwisho kwa kufika.

Wazee walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Ndugu wanachama, mapendekezo yako mbele yenu. Mwenye swali na aulize, na mwenye shauri lililo bora kuliko haya na alitoe, tulipigie kura.