Tusikate Tamaa na Rehema ya Mungu

Hotuba ya mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi

 

Nimeambiwa niseme habari za hisa na mikopo. Hizo atazisoma katibu. Mie naomba niseme habari ya imani, kwani bila ya hiyo sanduku letu lisingefika mwaka wa pili.

Nyote mnaukumbuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011. Meli ya MV Spice Islander I ilitoka Unguja kuja Pemba. Watu wanarudi makwao baada ya Idi, na meli imejaa kupita kiasi. Ikazama bahari ya Nungwi. Tume iliyoundwa na Serikali ilisema baadae kuwa waliokuwemo walipita watu 2,000. Wengine waliokoka kwa kushikilia magodoro yaliyokuwa yakielea. Maiti zilizopatikana ni 203. Wengi hawakuonekana mpaka leo. Na hata mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai, 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe.

Msiba wenye maiti una njia yake, unaosha, unakafini, unazika, watu wanakuja kukupa mkono. Huu haukuwa na njia. Mwenzetu mmoja, sitomtaja jina, mumewe alikuwa melini. Alikuwa akituuliza: "Nikae eda, au nimngoje? Nikikaa eda si ndio nimemuua kwa mdomo wangu?" Simu ya jirani ikilia anatoka mbio. Chakula cha mume akikiweka pembeni, watoto wanakitazama. Mwisho wazee walikwenda kwa mashekhe, na mashekhe wakamwambia akae eda. Akakaa miezi minne na siku kumi.

Basi wakatokea watu, tena wanawake wenzetu, wakimwambia imani yake ndogo, angekuwa na imani asingelia vile. Mie sikubaliani nao, na leo nalisema mbele ya mashekhe wanisahihishe. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yakafanya weupe. Nani atasema Nabii yule hana imani? Mwenzetu mmoja Mkristo alitwambia kuwa hata katika kitabu chao yumo, wao wanamwita Yakobo, na watoto wake walipomliwaza alikataa. Kumbe kilio ni kimoja.

Lakini angalieni alivyofanya Nabii Yaakub. Katika kilio kilekile aliwaamrisha wanawe watoke wakamtafute Yusuf, wala wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Hakukaa akangoja tu. Mtu analia na huku anatuma watu njiani.

Siye tulianza mwaka 2014, chini ya mwembe, wanawake kumi na wanane. Mwenzetu yule alikuja na shilingi mia tano ya kupiga kokoto, na hisa ni elfu moja. Wengine walisema arudi akiwa nazo kamili. Tukabishana mpaka magharibi inaadhiniwa! Ndipo tulipokubaliana kuweka mfuko wa jamii, kila mmoja shilingi mia mbili kwa wiki, mbali na hisa, pesa za mwenye msiba au mgonjwa, asizirejeshe. Mfuko huo ulizaliwa kwa sababu yake. Katika miaka hii kumi umelipia nauli za hospitali, sanda, daftari za watoto, na mara moja umemtoa mtu kwenye deni la duka alilokuwa akilionea haya hata kupita njia ile.

Mkopo wake wa kwanza ulikuwa shilingi elfu ishirini. Akanunua unga na mafuta, akakaanga maandazi. Hakufanikiwa sana, nisiwadanganye. Wiki nyengine alikuwa hana kitu. Lakini akija, anakaa, anahesabu za wenzake.

Kaburi la mumewe ni bahari. Kila Septemba tunamsomea hitma nyumbani kwake, na wenzetu Wakristo huja kupika pamoja nasi. Mwaka huu mwanawe mdogo, aliyekuwa mchanga wakati ule, ndiye aliyetuchotea maji.

Sanduku letu lina kufuli tatu na washika funguo watatu. Yeye ndiye wa pili. Namuomba yeye na wenziwe wasogee mbele wafungue, katibu asome hesabu.