Mtegaji Aliyepewa Sheria Mkononi

Leo tumwangalie mtu wa Marekani, Joseph Meek, aliyezaliwa Virginia mwaka 1810. Shule hakuipenda. Mwaka 1829 alijiunga na wawinda manyoya, akaenda kutega biva katika milima ya Rocky. Biva ni mnyama wa mtoni akataye miti kwa meno, na manyoya yake yalitengenezewa kofia za mabwana wakubwa. Meek aliifanya kazi hiyo miaka 11, hata wanyama wakapungua na mabwana nao wakapenda kofia za hariri.

Basi mwaka 1840 akahamia Oregon kulima, pamoja na mkewe wa kabila la Nez Perce. Wakazi walipojiwekea serikali pale Champoeg mwaka 1843, Meek akafanywa sherifu. (Ajuaye kunasa biva, labda walisema, atanasa na mwizi!)

Binti yake, Helen Mar, alikuwa amemwacha tangu udogo alelewe katika misheni ya Daktari Marcus Whitman. Mwaka 1847 surua iliwaua Wacayuse wengi. Waliona watoto wa wazungu wakipona na wa kwao wakifa, wakashuku kwamba daktari anawapa sumu. Tarehe 29 Novemba walimwua yeye, mkewe na wengine. Helen alikufa kwa surua siku chache baadaye, akiwa mateka.

Meek akatumwa Washington kuomba msaada. Mapema mwaka 1848 alipita pale misheni, akamzika mtoto wake, akaendelea na safari. Agosti mwaka huo Oregon ikafanywa eneo la Marekani lenye gavana wake, naye Meek akawa marshali, yaani mtekelezaji wa amri za mahakama.

Sasa, ndugu, tutulie hapa. Mwaka 1850 Wacayuse watano walihukumiwa Oregon City, mbali na nchi yao, na wazee wa baraza wote walikuwa wazungu. Kama wote watano walikuwa na hatia, watu wanabishana hata leo. Aliyewanyonga ni Meek, baba yake Helen.

Wengine husema alitimiza kazi ya serikali tu. Mimi sikubali upesi hivyo. Bwana alitukataza kujilipizia kisasi, wala hakusema kwamba mtu akishavaa cheo katazo hilo humwondokea. Je, mkono ule ulishika sheria, au kisasi, au vyote viwili?

Ninyi mlio wazazi, nanyi machifu na wazee wa kanisa, lizungumzeni jambo hili nyumbani jioni ya leo. Kwaherini.