Kabla ya Kusema "Tumehujumiwa", Fungua Kifuniko cha Betri

(Haya ni maelezo niliyoyatoa kwenye mafunzo ya vijana wa tawi letu hapa Mtoni. Wengi mliomba yawekwe mtandaoni, kwa hiyo nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

 

Najua kwenye ratiba nimeandikwa "mwanafunzi wa sheria", na wengine mmekaa mkao wa kusikiliza Katiba. Katiba nitaigusa, ila kwa dakika mbili tu. Leo nataka tuongee kuhusu maiki. Hizi maiki zisizo na waya tunazokodi na mziki kila tukiwa na mkutano, zinazokatika katikati ya hoja halafu tunabaki tunatazamana.

Kwanza hiyo Katiba. Ibara ya 18 inatupa uhuru wa kutoa maoni, Ibara ya 20 uhuru wa kukutana. Sheria ya Vyama vya Siasa, Sura ya 258, inaturuhusu kufanya mkutano wa hadhara baada ya kutoa taarifa polisi angalau saa 48 kabla. Mnajua historia: mwaka 2016 mikutano hiyo ilizuiwa, na Rais Samia akaondoa zuio tarehe 3 Januari 2023. Hiyo ni zaidi ya miaka sita. Mimi 2016 nilikuwa shule, na wengi wenu humu vilevile. Tumekua tunajua kurusha matangazo ya moja kwa moja kwa simu, kutengeneza bango la mtandaoni, kuhariri klipu. Kusimamisha jukwaa na kuhakikisha mtu aliyesimama nyuma kabisa anasikia, hilo hatukufundishwa na mtu.

Na muda wetu una mipaka. Wakati wa kampeni ni saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Dakika ishirini za "haloo, haloo, moja mbili" hakuna wa kuwarudishia.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Kwenye mkutano mmoja hapa hapa Temeke, viongozi waliongea karibu saa tatu, sauti safi. Yakaja maswali ya wananchi. Akasimama mama mmoja anayeuza samaki, akaanza kueleza mtaro unaomwagia maji machafu kwenye meza yake ya biashara. Maiki ikakata. Ikarudi. Ikakata tena. Watu wakacheka, mama akaaibika, akaketi. Jioni mitandaoni vijana wetu wakaandika "wametukatia sauti". Fundi mitambo alipofungua ile maiki, betri zilikuwa zimekwisha.

Lifikirieni hilo. Mgeni rasmi anaongea betri zikiwa mpya. Mwananchi anapewa maiki mwishoni, betri zimechoka. Kwa hiyo anayenyamazishwa ni yule tuliyemwita aje aseme. Kanuni yetu ya kwanza iwe hii: betri zinabadilishwa kabla ya kipindi cha maswali, hata kama taa bado inaonyesha nzima.

Tukiwa hapo hapo kwenye betri. Maiki nyingi za mkononi zinatumia betri ndogo mbili za AA. Nunueni za alkalaini, achaneni na zile za bei chee za kuwekea saa ya ukutani. Zile zinashuka nguvu haraka sana. Msichanganye mpya na ya zamani. Betri mpya ya alkalaini ina volti 1.5 au zaidi kidogo. Mkiwa na mita ya fundi mkakuta imeshuka karibu na 1.2, itoeni. Za kuchaji hukaa karibu na hapo hapo kwenye 1.2 kwa sehemu kubwa ya matumizi yake, ndiyo maana baadhi ya maiki zinaonyesha betri iko nusu wakati umetoka kuichaji. Zinafaa, ila zichajiwe usiku wa kuamkia mkutano, siyo wiki iliyopita.

Sasa, maiki ikikata, tunaanzia wapi? Kwenye sheria tuna msemo kwamba anayedai ndiye anayethibitisha. Uko kwenye Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Tuutumie na kwenye mitambo. Sauti inasafiri kwa mnyororo: maiki, risiva, waya, mikisa, amplifaya, spika. Kazi yetu ni kujua pingu gani ya mnyororo imekatika, na risiva ndiyo shahidi wetu mkuu kwa sababu ina taa.

Angalieni taa iliyoandikwa RF. Hiyo inasema: nimepokea mawimbi. Halafu iko AF au AUDIO: nimepokea sauti. Sasa sikilizeni vizuri.

Kama RF haiwaki, tatizo liko kabla ya risiva. Maiki imezimwa, betri imekufa, au maiki na risiva haziko kwenye masafa mamoja.

Kama RF inawaka lakini AF imelala mtu anapoongea, mawimbi yanafika matupu. Hapo angalia swichi ya kunyamazisha. Mara nyingi kidole cha mzungumzaji kimeigusa. Ikiwa haijaguswa, kichwa cha maiki kina shida.

Kama zote mbili zinawaka na spika ziko kimya, iacheni maiki ya watu. Fuateni waya, mikisa, amplifaya.

Sekunde kumi tu, na mmeshajua pa kwenda. Bila hivyo tunafanya yale tunayofanya siku zote: watu watano wanapanda jukwaani, kila mmoja anachomoa waya wake.

Jambo la tatu ni mahali pa kuweka risiva. Mawimbi ya maiki hizi hayapendi chuma na hayapendi mwili wa binadamu, maana mwili wetu kwa sehemu kubwa ni maji na unayameza. Sisi risiva tunaiweka wapi? Chini ya meza, nyuma ya amplifaya, au ndani ya gari la matangazo milango imefungwa. Halafu watu mia mbili wanasogea mbele, tunashangaa sauti inakatika. Ipandisheni juu ya vichwa vya watu, ikiona jukwaa moja kwa moja. Isikae juu ya amplifaya wala ubavuni mwa kompyuta.

Antena ziko mbili kwa sababu maalumu. Hapa kwetu kuna mabati, makontena, daladala zinapita. Wimbi linagonga bati na kurudi, likikutana na lile lililokuja moja kwa moja yanaweza kuuana. Sehemu hiyo sauti inapotea, ukisogea hatua moja inarudi. Risiva nzuri inasikiliza antena zote mbili na kuchagua iliyo na nguvu wakati huo. Kwa hiyo zifungueni kama herufi V, msizilaze, na iliyovunjika ibadilishwe. Na kwenye maiki za mkononi, antena mara nyingi iko kwenye kitako. Mkiikumbatia kitako kwa kiganja mnaiziba wenyewe. Shikeni katikati.

Nne, masafa. Hapa kuna sheria na kuna historia kidogo. Zamani runinga za analojia zilitumia eneo kubwa la masafa ya UHF, na maiki zilikaa kwenye nafasi zilizobaki wazi. Dar es Salaam ilizima analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012. Dijitali inabeba chaneli nyingi kwenye nafasi ndogo, na sehemu ya juu iliyoachwa, ya megahezi 700 na 800, imekwenda kwenye mitandao ya simu. Na siyo kwetu tu. Marekani ilipiga marufuku maiki za megahezi 700 mwaka 2010, na sehemu kubwa ya zile za 600 mwaka 2020. Sasa wewe unakwenda Kariakoo, unaonyeshwa maiki ya mtumba ya kampuni kubwa, bei ya kutupa. Kabla ya kutoa hela geuza risiva, soma masafa yaliyoandikwa nyuma. Ukiona 700 na kitu au 800 na kitu, unanunua kifaa kitakachogombana na simu za watu wote waliokuja kukusikiliza. Pia kumbukeni masafa yanasimamiwa na TCRA chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Ukitaka kununua seti ya tawi, uliza kwanza kama kifaa kimeidhinishwa. Chama kinachodai utawala wa sheria hakiwezi kufanya mambo yake kienyeji.

Jumapili hapa Mtoni kuna makanisa, kuna mkutano wa injili, kuna shughuli ya harusi, na kila mmoja ana maiki yake. Kwa hiyo mkifika uwanjani fanyeni hivi: washeni risiva, maiki zote zikiwa zimezimwa. RF ikiwaka, yupo mwenye masafa hayo tayari. Hameni. RF ikibaki kimya, washa maiki ya kwanza, iache ikiwaka, ndipo utafute nafasi ya pili.

Mkitumia maiki tatu, msizipange kwa umbali sawa. Maiki mbili zikifanya kazi pamoja zinaweza kuzaa mawimbi mengine. Chukua 600.0 na 600.4. Zidisha 600.4 mara mbili, toa 600.0, unapata 600.8. Ukiweka maiki ya tatu kwenye 600.8 itakoroma siku nzima na hutajua kwa nini. Kama risiva zenu zina makundi ya chaneli yaliyopangwa kiwandani, chagueni zote kutoka kundi moja. Hesabu hiyo wameshaifanya.

Tano, mluzi. Ule mlio unaotoboa masikio hauhusiani na mawimbi. Ni sauti ya spika inaingia kwenye maiki, inatoka tena spika, inazunguka. Dawa: spika zikae mbele ya mzungumzaji, zikitazama watu. Asishuke na maiki kwenda kusimama mbele ya spika. Na ile staili ya kufunika kichwa cha maiki kwa mkono kama msanii wa singeli, jamani, jukwaani kwetu hapana. Inaleta mluzi na inafanya maneno yawe mazito. Vidole vitatu kutoka mdomoni panatosha. Kupiga maiki makofi na kuipuliza pia tuache. Sema tu sentensi.

Hapa akina dada nisikilizeni. Fundi anapima sauti asubuhi kwa kijana anayepiga kelele, anaweka geini kwa ajili ya huyo. Anapanda dada mwenye sauti ya kawaida, hasikiki, anaambiwa "ongeza sauti dada". Anapayuka, anapoteza hoja. Kosa liko kwenye geini. Pimeni na kila mzungumzaji, aongee kwa nguvu atakayoitumia kweli, taa nyekundu iguse mara moja moja tu. Mama wa swali naye ana haki ya kuongezewa geini. Fundi awe macho kwenye jukwaa, siyo kwenye simu.

Sita, mvumo ule wa "mmmmm". Mara nyingi unatokana na umeme. Tumieni waya wa pini tatu kutoka risiva hadi mikisa pale inapowezekana, badala ya jeki ndefu. Msilaze waya wa sauti sambamba na wa jenereta. Ikibidi vikutane, vikatishane kama msalaba. Na mafuta ya jenereta yajazwe kabla, siyo wakati mwenyekiti anahutubia.

Sasa kuhusu hujuma. Sisemi haiwezekani. Nasema tukitaka kuaminiwa siku itakapotokea, tusiitaje kila betri inapokufa. Ikitokea maiki imezimwa na RF inawaka kwa nguvu, ukihama masafa inakufuata, andika saa, piga video ya taa, andika majina ya mashahidi. Huo ni mwanzo wa ushahidi. Posti yenye hasira tu haitatufikisha popote.

Namalizia na ya kufanya wiki hii. Tawi limteue mtu mmoja wa mitambo na msaidizi wake, na mmoja wao awe msichana. Wawe na kiboksi: betri nane mpya, mita, antena ya akiba, tepu, na maiki moja ya waya yenye waya mrefu. Hiyo ya waya iwe imechomekwa kwenye mikisa tangu mwanzo, imezimwa, inasubiri. Isiyo na waya ikigoma mara mbili, mzungumzaji anapewa ya waya bila mjadala. Na wafike uwanjani saa mbili kabla ya watu.

 Mita ninayo hapa na maiki mbili. Wanaotaka kujaribu wasogee mbele, tuanze na betri.