Kiti cha Mnyonge Hakingoji



Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 177, iliweka viti maalum katika Bunge la Kaunti, ili jinsia moja isizidi theluthi mbili, na ili walemavu, vijana na wanyonge wengine wapate msemaji. Lakini viti hivyo havipigiwi kura Likoni, Kisauni wala Changamwe. Vyama vya siasa hupeleka orodha ya majina kwa Tume ya Uchaguzi mapema, kisha hugawiwa viti kwa kadiri ya wadi ambazo kila chama kimeshinda.

Hapo ndipo mashtaka yalipozuka. Mwaka 2016, katika kesi ya Moses Mwicigi na wenzake, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jina likishatangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, uchaguzi umekamilika; mwenye kuupinga hana budi kufungua kesi ya uchaguzi. Nayo Katiba yampa siku 28 tu.

Basi, ndugu zangu, haki hii hulindwa kabla ya orodha kufungwa. Wazee na wakiulize kila chama: Mmemwandika nani katika walemavu wetu, naye ni wa ngapi? Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.